Ubao wa Chupa Sitini

Haya hayakumpata rafiki wa rafiki. Yalimpata mama yangu mzazi, na aliyeyaleta ni mimi. Nayaandika kwa sababu kila nikijaribu kuyasema kwa mdomo, watu hunipa maji ya sukari na kuniambia nikalale.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumanne ya Februari, siku ya kawaida kabisa hapa Reims, Ufaransa. Mvua ilikuwa nyembamba. Watalii walikuwa wakitoka kanisa kuu, shingo zikiwauma kwa kutazama malaika wa mawe, na kupanda tramu kuja upande wetu kuona mapango ya mvinyo. Mimi nilikuwa kibarua katika nyumba ya kina Delorbe, nikimsaidia Bi Ghislaine anayetembeza wageni. Kazi yangu ilikuwa kutangulia kuwasha taa za kila pango, kisha kusimama chini ya ngazi na kuhesabu vichwa wakati wa kupanda. Mgeni wa mwisho kwenye msururu hubeba fanusi, ili tujue mkia haujakatika.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Shule niliiacha mwaka mmoja kabla, baba alipoanza kukohoa na mama akawa hawezi kumwacha peke yake.

Baba yangu, Anselme, alikuwa mgeuza chupa katika mapango hayohayo kwa miaka thelathini na nane. Shampeni hulala chini ya ardhi na mashapo ya hamira ndani yake, na lazima yatoke. Basi chupa hupachikwa shingo kwenye ubao wa matundu, na kila siku mgeuzaji huzizungusha nusu ya robo na kuziinamisha kidogo, mpaka baada ya wiki sita zimesimama kichwa chini na uchafu wote umekusanyika kwenye kizibo. Kwenye kitako cha kila chupa hupigwa mstari wa chaki, ili mtu ajue alipoachia. Siku hizi mashine ndizo hufanya hivyo. Kina Delorbe walimwachia baba pango moja la mwisho, wageni wapate kuona mikono ya mtu.

Nayo ilikuwa mikono ya kutazamwa. Alikuwa akigeuza chupa mbili mbili, kulia na kushoto, tik-tak, tik-tak, bila kuziangalia. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia kiliishia kwenye kifundo cha kwanza. Chupa ilimlipukia kabla sijazaliwa. Nilipokuwa mdogo alinichukua kazini siku za likizo, na jioni tulipopanda ngazi zile mia moja na kumi na mbili, nilichoka nikifika ya sabini. Hapo aliniwekea kiganja mgongoni na kunisukuma. "Panda, kifaranga. Juu kuna biskuti." Nyumbani mama alinikung'uta chaki ya mgongoni, huku akimgombeza baba kwa kumchafulia mtoto.

Alifariki Januari. Alikuwa ametamani biskuti za rangi ya waridi, zile za kuchovya kwenye mvinyo, nami nikatoka kwenda kuzinunua. Nilichelewa kwa sababu nilisimama dirishani mwa duka kutazama viatu. Niliporudi mama alikuwa tayari amemfumba macho.

Ubao wake wa mwisho, wenye chupa sitini, ulibaki vilevile. Alikuwa ameugeuza siku saba tu, siku ambazo kikohozi kilimruhusu kushuka. Mwenye nyumba alisema usiguswe, akaufungia kamba.

Jumanne hiyo Bi Ghislaine aliwapanga wageni mlangoni kama kawaida yake.

"Mnashuka kumi na wanne, nawataka kumi na wanne. Atakayejificha anywe, tutamwokota mwakani akiwa amelewa chakari."

Mzee mmoja mnene wa Beaune, mji wa mvinyo usio na mapovu, akasema, "Mimi siwezi kulewa hivi vitu vyenu. Kwetu mapovu ni ya kufulia nguo."

"Ndiyo maana umekuja, baba. Nguo zako zinaonekana zina hamu nayo."

Wakacheka, tukashuka. Walizunguka, wakaonja, wakarudi. Nilihesabu kumi na wanne. Wa mwisho alikuwa mwanamke mwenye mwavuli wa kijani. Alinirudishia fanusi, akaniinamia sikioni.

"Binti, yule mzee kule nyuma mbona hamumpi taa?"

"Mzee gani, mama?"

"Mgeuza chupa. Nimemsalimia, hakugeuka. Na kikohozi kile, angelikuwa wangu nisingemruhusu kushuka huku."

Alipanda. Nilibaki na fanusi mkononi. Nikaenda mpaka kwenye kamba.

Mistari yote sitini ilikuwa imesogea nusu ya robo.

Siku iliyofuata wakati wa chakula cha mchana sikupanda na wenzangu. Nilizima taa, nikakaa chini, mgongo wangu ukigusa ukuta wenye baridi. Kwa muda palikuwa na matone ya maji tu. Kisha ikaanza. Tik-tak. Tik-tak. Kimya cha kusogea hatua moja. Tik-tak. Halafu kikohozi, kile cha kwake, kinachoanza taratibu kama mtu anayebisha hodi.

Sikuogopa. Nilifunika mdomo kwa mikono yote miwili nikalia, kwa furaha. Sikumwita. Nilihisi nikimwita ataondoka.

Tangu hapo nilikula mkate wangu gizani kila siku. Na kila siku nilihesabu mistari. Baba hakuwahi kuacha kazi nusu maishani mwake. Nilijua ni hilo tu lililomrudisha. Wiki sita zikitimia, chupa zikisimama kichwa chini, hatakuwa na sababu ya kuja.

Basi Ijumaa ya pili nilifanya jambo ambalo mtoto wa mgeuza chupa hawezi kufanya hata usingizini. Nilivuka kamba. Nikachomoa chupa moja moja, nikaitikisa mpaka mashapo yakapanda kama moshi, nikairudisha mstari ukiwa pale ulipoanzia. Zote sitini.

Jumatatu alianza upya.

Nikaharibu tena Ijumaa. Na Ijumaa iliyofuata. Machi yote, Aprili yote. Nilijiambia namweka. Nilijiambia hata yeye pengine anapenda. Lakini tik-tak ilikuwa ikipungua mwendo. Kikohozi kilirefuka. Mistari ya chaki, ambayo baba aliipiga imenyooka kama uzi, ilianza kutetemeka. Asubuhi moja ya Mei nilikuta sakafuni, chini ya ubao, unyevu wa duara ndogo ndogo. Nilitazama juu kutafuta panapovuja. Dari ilikuwa kavu.

Jioni ile mama alikuwa jikoni, kwenye nyumba yetu ya nyuma ya kanisa la Saint-Remi, akimenya viazi, nami nikimsaidia. Mama yangu, Yolaine, alikuwa mtu wa maneno mengi kabla ya Januari. Sasa alizungumza kana kwamba kuna mgonjwa chumba cha pili.

"Perrine," aliniita. "Baba yako anakuja kulala."

Niliweka kisu mezani.

"Anapanda kitandani upande wake. Mikono barafu. Nimemuuliza, mume wangu, mbona hupumziki? Anasema hamalizi." Alinong'ona zaidi. "Anasema kuna mtu anamharibia."

"Ni ndoto, mama."

"Anasema hamwoni mtu huyo. Anakuta tu chupa zimevurugwa. Analia, Perrine. Miaka ishirini na mitano ya ndoa sikuwahi kumwona analia."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Maneno matatu tu, ni mimi, mama. Nikafikiri, nikisema, kesho hakuna tik-tak, hakuna kikohozi, hakuna baba. Nikachukua kiazi.

"Ule kwanza, mama. Umekonda mno. Bi Ghislaine anasema ukipita mlangoni hata kengele haikuoni."

Alitabasamu kidogo. "Mwambie Ghislaine kengele yake na yeye wote wamepofuka." Kisha akasema, kana kwamba anazungumzia kwenda sokoni, "Nitashuka nikamsaidie."

Sikumzuia. Nilidhani huzuni ndiyo inayosema.

Kesho yake, ziara ya saa tisa mchana, mama alikuwa kwenye msururu wa wageni. Alivaa koti lake la Jumapili. Alikuwa amekata tiketi kama mtalii.

"Yolaine, wewe unalipa kiingilio kwako mwenyewe?" Bi Ghislaine alimshika mikono. "Haya, shika fanusi, mkia ni wako. Unapajua kuliko mimi."

Walikuwa kumi na mmoja. Pamoja na mama, kumi na wawili. Nilitangulia kuwasha taa, kila kona nikigeuka kuangalia nyuma. Fanusi ilikuwepo. Pango la kwanza, ipo. La pili, ipo. La tatu, ipo, mbali kidogo.

Walionja, wakarudi, taa ya kila pango ikizimwa nyuma yao. Nilisimama chini ya ngazi. Moja. Mbili. Tatu. Nane. Tisa. Kumi. Kumi na mmoja.

Nikangoja.

Bi Ghislaine aliita kutoka juu, "Wametimia?"

Niligeuka kuangalia ndani. Kule mwisho kabisa, kwenye pango la baba, mwanga mdogo ulikuwa umesimama. Haukusogea. Na sauti ikaja.

Tik-tak. Tik-tak.

Kisha, mara tu baada yake, nyingine, nyepesi zaidi. Tik. Tak.

Walikuwa wawili.

Nilikimbia. Njia ile naijua kwa macho yaliyofumbwa, lakini siku hiyo ilikuwa ndefu. Tik-tak. Tik, tak. Zikaongeza kasi. Niliteleza, nikainuka. Nikapiga kelele, "Baba, ni mimi! Niliyekuharibia ni mimi!"

Kimya.

Hata matone ya maji yalinyamaza.

Nilifika kwenye kamba. Fanusi ilikuwa chini, inawaka. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda cha baba, shavu lake kwenye ubao, kama mtu anayesikiliza ukutani. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kwa chaki. Chupa zote sitini zilisimama kichwa chini. Mistari yote ilitazama upande mmoja. Kazi ya wiki sita, kwa nusu saa.

Nilimgusa shingo. Ilikuwa baridi kama ukuta.

Nilikaa chini nikamkumbatia miguu. Nilimwambia niliyopaswa kumwambia jikoni. Nilimwambia kuhusu dirisha la viatu pia. Sijui nilikaa muda gani. Fanusi ilianza kufifia, nami sikutaka kuondoka. Nilisema kwa sauti, "Nami nabaki." Nilimaanisha. Nililaza kichwa kwenye magoti yake, nikafumba macho, na ile baridi ikaanza kunipendeza.

Mtu akanishika mgongoni.

Kilikuwa kiganja. Kikubwa. Kikanisukuma.

Sikugeuka. Niliinuka kwa sababu hakikuniacha nikae. Kikanisukuma pango la tatu, la pili, la kwanza. Fanusi ilizimika nyuma yangu, lakini miguu ilijua. Kwenye ngazi nilijaribu kusimama. Kikasukuma. Nilipofika ya sabini nilishika ukuta, nikasema, "Baba, siwezi." Ndipo kiganja cha pili kikaja kando ya kile cha kwanza. Kidogo. Kikasukuma nacho.

Bi Ghislaine alikuwa ameanza kushuka kunitafuta. Alinidaka mikononi mwake mlangoni. Alinitazama usoni, kisha akatazama mgongo wangu, halafu ngazi tupu nyuma yangu.

"Perrine," alinong'ona. "Nani amekushika hivyo?"

Daktari alisema ni moyo. Alisema pia jambo ambalo hakuliandika: vifundo vya mikono ya mama vilikuwa vimevimba na kupinda, kama vya mtu aliyegeuza chupa miaka arobaini. Akaniuliza kama mama naye alikuwa akifanya kazi hiyo. Nilimwambia mama alikuwa mshonaji.

Chupa zile zilifunguliwa Julai. Fundi alinyanyua kila moja kwenye mwanga. Sitini, na hakuna hata chembe ndani. Akasema tangu Anselme hajaona mkono safi namna ile. Nilitoka nje.

Bado nafanya kazi palepale. Wakati wa chakula huzima taa na kukaa kwenye kamba. Kuna matone ya maji, basi. Walimaliza, wakaenda pamoja, nami najua ndivyo inavyopasa. Huwa nawaambia pole, lakini naona nasema na mawe.

Koti nililovaa siku ile ninalo. Ni la sufu nyeusi, koti la kazi. Mgongoni lilikuwa na viganja viwili vya chaki. Kimoja kikubwa, kidole cha shahada kimeishia kwenye kifundo cha kwanza. Kingine chembamba, chenye alama ya pete. Nimelifua mara tatu, mara ya tatu kwa sabuni ya unga na brashi, na halikuwa na alama yoyote nilipolianika.

Nalivaa kila siku. Nikipanda jioni, wa mwisho, hupunguza mwendo nikifika ngazi ya sabini, nikasubiri. Hakuna anayenisukuma. Napanda mwenyewe.

Lakini nikifika nyumbani nikalivua, lazima nilikung'ute dirishani kwanza. Chaki hudondoka kutoka mgongoni, nyeupe, mpya, bado ina ubaridi wa chini.