Filimbi Katika Nyumba ya Kasimiri

Waliokuwepo jioni ile ni hawa: Kasimiri, mkulima wa ulezi na maharage, Evodia, mkewe, Coleta, binti yao, na Yonas, jirani na mtani wao. Hakuwepo mtu mwingine. Nawaomba, ndugu zangu, mlishike jambo hilo, kwa kuwa kabla usiku haujaingia wote wanne walikuwa tayari kuapa kwamba alikuwepo wa tano.

Ulikuwa msimu wa baridi, katika miaka ile maduka ya dawa ya watu binafsi yalipoanza kufunguliwa mjini Sumbawanga. Ukungu ulikuwa umelala juu ya matuta. Moto uliwaka katikati ya nyumba, na mlango ulikuwa umefungwa kuzuia upepo. Walipukuchua maharage huku wakitaniana. Ndipo ikasikika filimbi: nyembamba, ndefu, ikipanda na kushuka. Wakanyamaza. Ikalia tena, karibu na ukuta alioegemea Evodia.

"Nani huyo?" Yonas aliuliza. "Kama ni mgeni, apige hodi kama watu."

Kasimiri alichukua tochi akazunguka nyumba. Hakuona hata unyayo kwenye umande. Aliporudi, filimbi ilikuwa ndani.

Tangu hapo ililia kila moto ulipokolea. Evodia, aliyekuwa amekohoa miaka mingi na kuchoshwa na kilima kidogo tu, hakusema lolote. Pumzi ya kusemea ilikuwa haba. Coleta ndiye aliyeshikilia kwamba mama apelekwe mjini.

Daktari alimpima Evodia akaeleza kwamba ana ugonjwa sugu wa mapafu, uliosababishwa na moshi wa jikoni. Akatoa kikopo cha dawa ya kuvuta, akakitikisa, akapuliza mara moja hewani kukijaribu. Kisha akamwelekeza mgonjwa: atoe pumzi yote, akaze midomo, abonyeze huku akivuta polepole, halafu abane pumzi kidogo. Evodia akafanya hivyo.

"Mama, ni kila asubuhi na kila jioni," alisema. "Hata siku unayojisikia mzima. Siku hiyo hasa."

Kasimiri alikuwa amesimama mlangoni. Aliona mvuke mweupe ukitawanyika chumbani; baada ya kitambo akasikia filimbi ikififia. Maelezo yote yalimpita. Lililomwingia ni moja tu: kile kitu kilikuwa kimewafuata hadi mjini, na mvuke ule umekifukuza.

Walipofika nyumbani alikichukua kikopo, akakichomeka kwenye nyasi za paa, juu ya mlango.

"Baba, daktari amesema ni ya kuvuta," Coleta alimkumbusha.

"Alianza kwa kupuliza hewani, nimemwona kwa macho yangu. Nyumba huzindikwa kwanza, mwanangu. Adui akikosa mlango, mgonjwa atapona mwenyewe."

Siku za mwanzo Evodia alikiomba, akavuta. Alipopata nafuu, hakuona sababu ya kubishana na mumewe kwa ajili ya dawa ambayo, kwa fikra zake, hakuihitaji tena. Hapo, msomaji, kosa la pili liliungana na la kwanza, na makosa mawili yakikubaliana huonekana kama busara.

Kila jioni Kasimiri alipuliza kizingitini, dirishani na kwenye pembe za nyumba. Filimbi ikarudi. Sasa haikungoja moto. Ilimfuata Evodia kisimani, ikasimama aliposimama, ikainama alipoinama kuchota. Wanawake waliokuwa pale walijitwika ndoo zisizojaa wakaondoka.

"Evodia ana mtu nyuma yake," walinong'onezana.

Hatimaye, jioni moja, ikanyamaza kabisa. Kasimiri alizunguka pembe zote akisikiliza. Kimya. Akachinja jogoo, akamwita Yonas.

"Kimeondoka, bwana! Nimekishinda!"

Yonas alitazama mkekani. "Kama kimeondoka, mbona mama mwenye nyumba hali chakula?"

Evodia alikuwa ameketi wima, viganja vimeshika magoti, mabega yakipanda na kushuka. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Hakutoa sauti yoyote. Walikuwa wakiushangilia ukimya, na ukimya wenyewe ulikuwa umeketi mbele yao ukiwatazama.

Coleta alikuwa amekwisha kukimbilia zahanati. Alirudi na Maulida, muuguzi, ambaye alitoa shikamoo bila kungoja kuitikiwa, akaweka sikio mgongoni kwa Evodia.

"Filimbi imekwisha, nesi," Kasimiri alisema.

"Mzee, filimbi ilikuwa pumzi yake ikipenya mahali pembamba. Sasa hata hiyo haipenyi. Dawa yake iko wapi?"

Kasimiri alikitoa kikopo juu ya mlango. Maulida alikitikisa, akabonyeza, akabonyeza tena. Hakikutoa kitu.

"Imekwenda wapi dawa ya mgonjwa?"

Mzee alizitazama kuta zake.

Walisimamisha lori la dagaa lililotoka Kasanga kwenda mjini, wakampandisha Evodia. Njia nzima Kasimiri aliinamisha sikio kwenye kifua cha mkewe, akiomba kuisikia tena sauti aliyoifukuza. Hospitalini mgonjwa aliwekewa hewa na dawa. Asubuhi, jua likigusa madirisha, ikasikika: nyembamba, ndefu, hafifu. Mzee akalia kwa shukrani.

FUNZO

Dawa iliyo juu ya mlango haimtibu aliye ndani. Mgonjwa wa mapafu aivute dawa yake kila siku kama alivyoelekezwa, hata akijisikia mzima. Nafuu ni matunda ya dawa, si ruhusa ya kuiacha. Na sisi jamaa zake tusikilize maelezo pamoja naye, tumkumbushe, na tuhakikishe haimwishii. Ugonjwa tusioufahamu tusiupe jina la mtu wala la pepo.

Evodia aliporudi nyumbani, Kasimiri alinyoosha mkono apokee kikopo kipya akakitunze. Mama yule alikifumbata, akawatazama wote.

"Hiki ni cha kifua changu, nami ndiye nitakayekaa nacho," alitangaza, akipumzika kati ya maneno. "Nitakivuta asubuhi na jioni mbele yenu. Siku nitakayosema nimepona, nikumbusheni kwa ukali. Na moto unahamia nje leo hii. Asiyetaka ugali wa nje, ale unga."