Karatasi Iliyosomwa Mpaka Mwisho

Mwalimu alikutwa asubuhi kwenye kiti chake cha dirishani, miwani puani, amekufa. Asubuhi hiyohiyo binti yake alifika kituoni kutoa maelezo: baba alibadilishiwa dawa ya moyo kwenye duka la dawa, akaimeza siku kumi na moja, ikamuua. Kufikia saa sita mchana mfamasia alikuwa mahabusu, na mtaani wameshampa jina la muuaji.

Jalada lilimwangukia Inspekta. Alilifungua kwa mkono mzito. Mwalimu ndiye aliyemfundisha kusoma, darasa la pili, kwenye chumba cha vumbi la chaki na madirisha yasiyofunga.

"Soma mpaka mwisho," alikuwa akisema. "Kila aya ukiimaliza, tia alama ya vema kwa penseli. Anayeishia katikati hajasoma, ameonja tu."

Mpaka leo Inspekta alitia vema kwenye majalada, na askari vijana wakamcheka.

Alimtoa mfamasia mahabusu, akamkalisha mbele yake.

"Ulimpa dawa gani?"

"Ileile, afande. Ila ya kiwanda kingine, ya bei nafuu."

"Binti anasema karatasi ya ndani ya boksi inataja presha tu. Mwalimu hakuwa na presha. Alikuwa na moyo uliochoka."

Mfamasia alijifuta uso. "Afande, kampuni iliyogundua dawa hii ya presha ilipewa hataza, yaani haki ya kuitengeneza peke yake. Hiyo imeisha muda, sasa kiwanda chochote kinaitengeneza. Lakini baadaye waligundua inasaidia na moyo, wakapewa hataza nyingine ya matumizi hayo. Hiyo bado. Kwa hiyo viwanda vya bei nafuu wanauza kidonge, ila moyo wanaufuta kwenye karatasi."

"Na kidonge chenyewe?"

"Kilekile. Ukimkata mdogo wako kwenye picha, ataacha kuwa mdogo wako?"

"Ulimweleza binti?"

Mfamasia aliangalia sakafu. "Kulikuwa na foleni."

Alasiri daktari wa maabara alipiga simu. "Sumu hakuna. Na hiyo dawa yenu, hakuna hata chembe kwenye damu. Mzee hakuimeza kabisa. Moyo umesimama kwa kukosa dawa."

Inspekta alikwenda nyumbani kwa Mwalimu, binti akamfungulia mlango. Boksi la dawa lilikuwa mezani, vidonge kumi na kimoja vimetolewa. Akaikunjua karatasi. Mwisho wa kila aya palikuwa na vema ya penseli, mpaka kwenye anwani ya kiwanda.

Juu ya rafu kulikuwa na kopo la chaki. Akalitikisa.

"Dada, chaki hailii hivi."

Binti aliketi taratibu. Inspekta alimimina mezani: vipande vya chaki, na vidonge kumi na kimoja.

"Nani alisoma karatasi?"

"Mimi nilimsomea. Macho yake yalikuwa yamekwisha, miwani alivaa kwa mazoea tu. Kila aya ananiuliza, umetia vema? Nikajiona nina miaka saba tena, nimekaa magotini kwake." Alitabasamu kidogo, kisha uso ukamvunjika. "Tulipomaliza akasema, ugonjwa wangu haumo humu, hii si yangu. Iweke, tutauliza kliniki."

"Kliniki ilikuwa lini?"

"Kesho."

Inspekta alivisogeza vidonge kando.

"Kwa nini ukasema aliimeza?"

"Ningesemaje, kaka? Nusu ya mtaa huu amewafundisha kusoma yeye. Niseme Mwalimu kafa kwa kusoma? Nikavitoa vidonge nikavificha, nikamtupia mfamasia."

"Yule ana watoto."

"Najua. Mkubwa wao alisoma kwa baba."

Inspekta aliivuta karatasi karibu.

"Mwalimu hakukosea. Alisomewa kila kilichoandikwa. Kilichofutwa angekijuaje? Kosa lenu ni moja, dada. Mlipoona karatasi inakataa, mliacha dawa badala ya kurudi dukani kuuliza, hata kama foleni imefika barabarani. Na mfamasia naye angekwambia, foleni ingengoja."

Aliandika maelezo mapya, akamsogezea atie sahihi, kisha waende wote kituoni kumfungulia mfamasia.

Binti hakutia sahihi kwanza. Alichukua penseli ya baba yake dirishani, akasoma taratibu, midomo ikicheza. Kila aya aliyoimaliza, aliitia vema.

Inspekta alimngoja mpaka mwisho.