Mtu wa Saba Mlangoni

Wachimbaji wa filamu ile ni sita. Wanarudi kituoni kutoka kwenye barafu, wanapita mlango wa chuma mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anavua helmeti yake. Maureen Sugden alikuwa ameionyesha kila Novemba kwa miaka thelathini katika ukumbi wa kanisa, na angeweza kuwahesabu akiwa amefumba macho. Jumapili ile alasiri, akiwa amesimama kando ya projekta, alihesabu saba. Wa saba hakuvua helmeti.

Alidhani ni macho yake tu, uzee una vituko. Lakini alisikia harufu ya siki, ile ya mkanda wa filamu unaoanza kuoza, na chini yake harufu nyingine, ya mpira uliolowa.

Mumewe Trevor, katibu wa chama cha filamu, alikuwa safu ya mbele na kikombe chake cha chai. Trevor alikuwa mtu wa maskhara, na filamu hii ya sayari ya barafu hakuwahi kuihurumia. Zimwi la filamu, mtu aliyevaa vazi la mpira, lilipotoka ukutani, alinyoosha kidole.

"Zipu hiyo hapo mgongoni, jamani. Miaka hamsini bado hawajamfundisha kuvaa."

Wanachama wengine kumi waliokuwamo wakacheka, karibu wote.

"Punguza, Trevor," alinong'ona Derek Lumb, aliyeketi nyuma yake. "Zisikilize zile pumzi. Mimi mpaka leo zinaninyima raha."

"Pumzi za mtu aliyebanwa na mpira, mzee. Imezeeka hii. Mjukuu wangu angesinzia."

Pumzi zile hutoka kwenye spika iliyo chini ya skrini. Sasa Maureen alizisikia zikitoka nyuma ya viti, kisha katikati ya viti, taratibu, zikisogea safu kwa safu kuelekea mbele, akataka kuzima lakini mkono ulikuwa umemfa ganzi juu ya swichi, akaona kivuli cha kichwa cha Trevor kikigeuka kama mtu aliyeitwa na anayemfahamu, na alipopepesa jicho kivuli hakikuwapo.

Taa zilipowashwa kiti kilikuwa kitupu. Chai ilikuwa bado ya moto, na sakafuni palikuwa na maji.

Polisi walikuja, wakaandika, wakasema huenda mzee alitoka kunyoosha miguu akapotelea kwenye ukungu kule milimani. Maureen hakubishana nao. Walipoondoka aliupitisha mkanda tena, peke yake, hadi pale mlangoni. Safari hii wa saba alivua helmeti. Alikuwa Trevor, na sweta lake la kijani, akitazama nje ya skrini kana kwamba anamtafuta mtu.

Watu wa Yorkshire, huku kaskazini mwa Uingereza, wakiogopa huchemsha maji ya chai. Jumatano wanachama wote walikuwa ukumbini, birika linatokota, Kasisi Philippa wa kanisa lile ameleta mkebe wa filamu ndani ya mfuko wa plastiki. Kwingine wangesema jini, wakamalizana. Kasisi alizunguka kidogo kwa maneno.

"Nimeupeleka nyumbani mara mbili," alisema kwa sauti ya chini. "Nimeusomea sala. Asubuhi naukuta hapa kwenye rafu, umelowa. Nadhani kilichomo kinaishi kwa kuogopwa. Hivi nyinyi filamu mnaiondoaje?"

"Kwa kura," alisema Derek.

Ndiyo desturi yao. Filamu ikiisha kila mtu hupewa kadi yenye pande mbili, upande mmoja "Bado inatisha", wa pili "Imezeeka". Unachana upande unaoukubali na kuutia kwenye bati la biskuti. Ikishinda "Imezeeka", mkebe unafungwa na filamu haionyeshwi tena. Jumapili, katika ile vurugu, hakuna aliyepiga kura.

"Basi pigeni sasa," Kasisi alisema. "Nyote semeni imezeeka. Mkiikana, kilichomo kitakosa pa kukaa."

"Na Trevor?" Maureen aliuliza.

Kasisi alitazama meza. "Sijui, mpenzi. Nafikiri atabaki nayo, humo mkebeni, gizani."

Wale kumi walichana kadi zao bila kutazamana. Kasisi alizihesabu, akazihesabu tena. Imezeeka, tano. Bado inatisha, tano.

"Nimewaambia nini jamani?"

"Samahani, Kasisi." Machozi yalimlengalenga Derek. "Miaka arobaini sijawahi kudanganya kwenye kura ya chama. Inatisha. Sijaona filamu inayotisha kama hii."

Wengine wanne walitazama viatu vyao. Inakera, lakini ndivyo walivyo: mtu amemezwa mbele ya macho yao, na kura bado ni kura.

Ilibaki kadi ya Maureen. Aliishika muda mrefu. Alimfikiria Trevor, ambaye tangu waoane hakuweza kulala bila taa ya korido ya nyumbani kuwaka. Kisha alichana upande wa "Bado inatisha", akautia ndani ya bati, na Kasisi akaufunika uso wake kwa mikono.

Novemba iliyofuata ukumbi ulijaa. Watu walikuja hata kutoka mji wa Leeds, maana habari zilienea kwamba kuna filamu ya zamani ambayo haijapoteza makali. Safu ya mbele walikaa mume na mke wageni, wameshikana mikono, wanaicheka barafu ya plastiki. Maureen alisimama kando ya projekta akiwa amevaa gauni lake zuri na kupaka rangi ya midomo, akiungoja mlango wa chuma.

Trevor alivua helmeti. Alikuwa amekonda. Nyuma yake, mlangoni, kilisimama kitu kirefu ambacho mwaka jana hakikuwapo, na hakikuwa cha mpira, na Trevor alikuwa akimtazama mkewe, midomo ikitikisika bila sauti, ikirudia neno moja ambalo mtu aliyeishi naye miaka arobaini na nne hawezi kukosa kulisoma: zima, zima, zima.

Nyuma ya viti pumzi zilianza. Maureen alizisikia zikipita kando yake, zikielekea safu ya mbele. Mkono wake ulikuwa juu ya swichi, na safari hii haukuwa na ganzi hata kidogo. Aliuondoa, akavuta kiti, akaketi ili amwone mumewe vizuri.