Nilikataa Injini Kubwa, Msimamizi wa Harusi Yangu Akaniletea Tairi

Petroli inawasha macho kuliko pilipili.

Nyinyi mnaosoma hapa mkiwa mmekaa kwa kiti na chai mkononi, hamjui. Mimi najua.

Nilikuwa nimepiga magoti katikati ya soko la mbuzi, Mutomo. Jua kali la asubuhi. Mikono imefungwa nyuma na kamba ya katani. Tairi ya lori shingoni. Petroli imenimwagikia kutoka utosini, imeingia machoni, puani, na kwa kile kidonda cha kichwa ambacho rungu ilikuwa imefungua.

"King'ei! Mwizi! Choma huyo king'ei!"

Na sauti iliyokuwa juu kuliko zote... niliijua.

Gedion.

Msimamizi wangu wa harusi! Mtu aliyenishikia pete mbele ya pasta!

"Ni yeye!" alikuwa anapiga kelele. "Nimemshika na gari! Mbuzi zenu zote zilipanda hii gari!"

"Gedi... ni mimi," nikasema. "Bro, ni mimi Mwangangi..."

Akanikaribia. Akaniangalia kabisa, macho kwa macho.

Kisha akanipiga teke ya mdomo.

Nikatema meno mawili kwa vumbi. Umati ukashangilia kama timu yao imefunga bao.

Mbele yangu alisimama Mzee Nthiwa, mfugaji wa mbuzi hapo Mutomo. Mkononi alikuwa na kiberiti.

Wacha niwaambie nilifikaje hapo.

Mimi kazi yangu ni gari. Toyota DX nyeupe, ile stesheni wagon ya zamani, injini 1300. Nabeba wagonjwa, nabeba mbuzi za soko, nabeba akina mama wa kanisa na masufuria yao. Kwa barabara tambarare hiyo gari ni malaika. Kwa kilima ni ng'ombe mgonjwa.

Siku moja nilikuwa nakimbiza mama mja mzito hospitali. Tukafika katikati ya kilima, gari ikakataa. Nikaweka gia ya kwanza, ikalia, ikazima. Yule mama akajifungua pale pale kwa kiti cha nyuma, mlango wazi, mbuzi za watu zikiangalia.

Mtoto aliishi, Mungu ni mwema. Lakini kilio cha yule mama kilikataa kutoka masikioni mwangu.

Nikaenda kwa Gedion. Ndiye fundi wangu, na gari yangu ilikuwa inalala gereji kwake kwa sababu kwetu barabara haifiki.

"Dawa ni moja," akasema. "Toa hii takataka. Weka injini ya 2000. Hutajua kama kuna kilima Ukambani."

"Na bodi itavumilia?"

"Bro, si mimi ndio fundi?"

Nikaenda nyumbani nikimeremeta. Nikamwambia bibi yangu, Kathini.

Alikuwa anachambua pojo. Hakuinua kichwa.

"Utaongeza nguvu ya kukimbia," akasema. "Nguvu ya kusimama utatoa wapi? Breki si ni zile zile?"

"Gedion amesema..."

"Gedion hatakuwa kwa usukani ukishuka kilima na wagonjwa."

Nilikasirika, sitadanganya. Lakini nikapanda mpaka Kitui mjini kwa Sufian, Muislamu wa kuzaliwa hapo, anaongea Kikamba kuliko mimi. Anauza injini za mtumba. Akanionyesha moja ya 2000, safi, imekaa kwa mbao kama bibi harusi.

Nikaizunguka. Nikaishika. Jamani, niliipenda!

"Nikikuuzia hii leo watoto wangu watakula nyama," Sufian akasema. "Lakini skiza. Gia boksi yako haiwezi hii. Radieta haiwezi. Breki ni za gari ndogo. Hiyo si kubadilisha injini, ndugu yangu, hiyo ni kujenga gari ingine. Rudi ufungue hiyo yako, weka ringi mpya za pistoni. Itapanda tu, polepole."

Nikafikiria njia yote ya kurudi. Nikamfikiria yule mama. Nikafikiria pia nikiwa nashuka na wagonjwa wanne, nakanyaga breki, gari inakataa.

Nikaamua. Hapana.

Nilipomwambia Gedion alifuta mikono na kitambaa kwa muda mrefu sana.

"Umeskiza mwanamke," akasema.

"Nimeskiza akili."

"Sawa." Akatabasamu. "Acha gari basi nifungue hii ndogo. Lakini ringi zitatoka Nairobi. Kuwa mpole."

Nikamwachia ufunguo. Nikawa mpole.

Mbuzi zilikuwa zinapotea toka zamani, lakini hapo ndipo ikazidi.

Leo boma hii, kesho ile. Watu wakasema ni stesheni wagon nyeupe. Vijana wa boda boda waliifukuza tena, safari hii mpaka daraja la Athi, ikavuka upande wa Makueni, ikapotelea huko njia ya Kibwezi.

"Hiyo gari inapanda kilima kama inashuka!" wakasema.

Hata mimi nililaani hao wezi. Stesheni wagon nyeupe ni nyingi, na yangu si mnajua vile hupanda? Tena nilijua iko kwa Gedion, imefunguliwa, inangoja ringi.

Kisha ikawa damu.

Mbuvi, kijana wa Mzee Nthiwa, alipatikana nje ya boma la baba yake amekatwa na panga. Kichwa kimepasuka. Mkono unaning'inia na ngozi. Akapelekwa hospitali hajitambui, na mbuzi kadhaa hazikuwa zizini.

Mutomo yote ikaapa. Huyo mwizi akishikwa, haendi kwa polisi.

Siku ya soko Gedion akanipigia.

"Njoo uchukue gari. Iko tayari."

Nilifika gereji nikapata geti wazi, ufunguo kwa gari, na hakuna mtu. Nikafungua nyuma niangalie tairi ya akiba.

Mavi ya mbuzi, bado mabichi. Kila mahali!

Na damu imekauka kwa kiti.

Nikawasha gari. Ikanguruma mpaka mabati ya gereji yakatetemeka. Nikaruka nje, nikafungua boneti...

Ile injini. Ile ile ya Sufian!

Sikupata hata nafasi ya kuifunga. Rungu ilinipata nyuma ya kichwa, na nikasikia sauti ya rafiki yangu ikisema: "Niliwaambia! Ndiye huyu!"

Walinivuta kwa miguu mpaka sokoni. Kila mtu alipata nafasi yake. Jiwe. Fimbo. Buti. Mama mmoja ambaye nimembeba hospitali mara ngapi sijui, alinipiga na kiatu chake usoni, akilia. Mbavu zilivunjika na nikazisikia zikivunjika, kama kuni kavu.

Gari ikasukumwa mpaka pale.

"Iwasheni," Mzee Nthiwa akasema.

Ikawashwa. Mzee akafunga macho akaskiza. 

"Ni hiyo," akasema. "Usiku ule niliisikia nikiwa kitandani. Mwangangi, mtoto wangu ulimkatia nini?"

"Mzee, si mimi! Hiyo injini nilikataa! Haki ya Mungu nilikataa!"

"Gari ni ya nani?"

"Ni yangu lakini..."

"Basi."

Akatoa njiti.

Wasomaji, sikuomba. Watu husema ukikaribia kufa unaomba. Mimi nilikuwa nafikiria tu vile nitanuka.

Ndipo mtu akanigonga kwa nguvu mpaka nikaanguka ubavu. Nikadhani ni jiwe kubwa.

Ilikuwa ni Kathini.

Alikuwa amenilalia, amenikumbatia na tairi yangu, petroli inamwingia kwa nguo na nywele.

"Sasa washeni!" akapiga kelele. "Washeni wawili!"

"Toka mama!"

"Sitoki!"

Mwanaume mmoja akainua rungu akampiga mkono. Nikausikia mfupa ukivunjika. Kathini akalia mlio ambao sijawahi kusikia kwa mtu... lakini hakuachilia.

"Mume wangu alikataa hiyo injini!" alikuwa analia na kuongea pamoja. "Mwenye kuiuza yuko Kitui! Mpigieni simu! Ama mnaogopa kusikia?"

"Anapoteza wakati!" Gedion akasema haraka. "Mzee, washa!"

Mzee Nthiwa akamwangalia Gedion. Akamwangalia Kathini.

"Piga," akasema.

Kathini akatoa simu mfukoni mwangu na ule mkono mzima, akapiga namba ya Sufian. Kioo kilikuwa kimepasuka. Mzee akaichukua. Mkono mmoja simu, mkono mmoja kiberiti.

"Mimi ni Nthiwa wa Mutomo," akasema, spika ya simu imewashwa wote wasikie. "Injini ya Mwangangi unaijua?"

"Ile ya 2000?" Sufian akajibu. "Ndio mzee. Si alibadilisha mawazo akatuma watu waichukue?"

Soko likalipuka!

"Choma! Choma!"

Jiwe likanipata sikio. Nikajua nimekwisha.

"Watu gani, Sufian?" Kathini akapaza sauti. "Sema ni watu gani!"

"Si ni fundi wenu, Gedion. Na yule kijana mwenye pengo, Mbuvi. Alinichekesha hapa sana. Eti baba yake Nthiwa ana mbuzi mpaka ukitoa kumi hajui..."

Sufian akanyamaza. Nafikiri ndio alikuwa anakumbuka ile jina mzee alijitambulisha nayo.



Gedion akaruka. Akapiga ile simu ikaenda chini.

"Uongo! Huyo amehongwa!"

Mzee Nthiwa akaongea polepole sana.

"Simu umeiangusha kwa nini?"

Gedion akaangalia kushoto. Akaangalia kulia.

Akatoka mbio!

Hakupita hata zizi la kwanza. Walimrudisha akiwa hana shati. Jiwe lilimpasua jicho pale pale, mbele yangu. Panga ikamkata bega. Tairi ikatolewa kwangu kwa nguvu, ikanichuna masikio, ikaingia shingoni kwake. Mtu akaleta petroli iliyobaki.

"Mwangangi!" akalia. "Waambie! Wewe ni rafiki yangu! Waambie waniache!"

Nitawaambia ukweli. Nilikuwa nimelala pale na mdomo umejaa damu, na sikusema kitu. Nilitaka awake.

"Mzee, washa!" umati ukasema. "Washa!"

Mzee Nthiwa akainua kiberiti juu.

"Leo tunachoma wezi?"

"Ndio!"

"Basi tuanze hospitali. Mwizi mwingine yuko huko kwa kitanda. Nilimzaa mimi." Sauti ikakatika. "Nani atanibebea tairi? Nani atamshika miguu mtoto wangu nikimmwagia petroli?"

Akawageukia upande huu, akawageukia upande ule.

"Nani?"

Wale waliokuwa na mawe wakaanza kuangalia chini. Mmoja mmoja, mawe yakaanguka. Mzee akakaa kwa vumbi, miguu imenyooka kama mtoto, akalia kwa sauti.

Polisi wakafika wakapata soko nusu tupu, wakamtoa Gedion tairi wakaondoka naye akiwa hai.

Mbuvi alipopata fahamu alisema yote. Walikuwa wakitumia gari yangu toka zamani, ikilala pale gereji. Boda boda zilipoanza kuikaribia, Gedion akataka injini ya kuzipita. Nilipokataa, akaiweka bila mimi. Usiku ule walipofika kwa boma la babake, Mbuvi alishindwa. Alisikia mzee akikohoa ndani, akasema anaacha na atasema. Gedion akamkata na panga.

Lakini hakufa. Kwa hivyo ilibidi mtu mwingine afe haraka kama mwizi, kesi iishe kabla Mbuvi hajafungua mdomo.

Huyo mtu nilikuwa mimi.

Gari ilikaa kituo cha polisi miezi mingi kama ushahidi. Niliporudishiwa nikatafuta fundi mwingine, akatoa ile mnyama akanirudishia ndogo yangu.

Mwezi uliopita mtu alibisha mlango wetu.

Mzee Nthiwa. Kofia mkononi. Amekonda.

"Kijana wangu yuko rumande Kitui," akasema akiangalia chini. "Nataka kumwona. Hakuna gari inakubali kunibeba."

 Ulimi wangu ulienda wenyewe kwa lile pengo la meno.

Kathini akaingia ndani. Nikadhani anaenda kulia. Akarudi na ufunguo wa gari, akanipa.

"Mpeleke," akasema. Kisha akamgeukia mzee. "Lakini mkono wangu bado unauma, mzee. Nataka ujue hiyo."

"Najua, mwaitu," mzee akasema. Alimwita mama, yeye mzee mzima. "Najua."

Nikambeba.  Nilimngoja nje, na alipotoka kwa lile lango la jela alikuwa amelia mpaka amechoka. Nikamfungulia mlango.

Sasa nyinyi mnaosoma. Mtu akikushikia pete siku ya harusi, hiyo si sababu ya kumwachia ufunguo bila kuuliza unaenda wapi usiku.

Na wewe unayependa kupiga kelele "choma" ukiwa nyuma ya umati, mahali hakuna anayekuona: mimi niliponea kwa sababu mwanamke alikubali kuvunjwa mkono, na mtu mmoja Kitui akashika simu.

Kuna wengi ambao simu yao haikushikwa.

Wewe ungembeba yule mzee? Niambieni kwa komenti, lakini mseme ukweli.