Bibi Aliyeomba Kubebwa

Jua lilikuwa linazama nyuma ya misonobari Marlys alipogundua kwamba taulo la mtoto limesahaulika kwenye gati la ziwani. Vitu vingine vyote vilikuwa vimeshaingia garini: viti vya kukunja, sanduku la barafu, boya la mtoto, mahindi ya kuchoma yaliyobaki. Vyote alivipakia yeye. Mumewe, Curt, alikuwa ameshakaa kwenye usukani. Nyuma alikaa mama mkwe wa Marlys, Arlene, na pembeni yake Annika, binti yao wa darasa la tatu, akisinzia na nywele zake mbichi.

"Liache tu, Mama Annika," Curt alimwambia. "Taulo lenyewe limeshachoka."

Marlys hakuwa mtu wa kuacha vitu. Akarudi.

Siku hiyo walikuwa wanaliaga ziwa. Familia ya Curt ilikuwa na desturi zake tangu enzi za bibi yake: joto likianza kuisha wanaogelea mara ya mwisho, majani yakianza kugeuka rangi wanakwenda kuchuma matufaha, na baridi ikikaribia kuuma wanakwenda kuchagua maboga. Kila mwaka, hapo hapo Michigan, sehemu zile zile. Wenzake walikwenda kustarehe. Marlys alikwenda kupakia na kupakua, na alfajiri iliyofuata akarudi kwenye kazi yake ya kufua mashuka katika nyumba ya wazee.

Gatini hapakuwa na mtu. Maji yalikuwa yametulia kama yaliyomwagwa mafuta. Aliliona taulo, akaliinua, akalikung'uta mchanga.

Ndipo akasikia mtu anakohoa.

Ndani ya maji, mbali kidogo na ufuo, alisimama mwanamke mzee. Maji yalimfika magotini. Alivaa gauni la kijivu la mikono mirefu, na alikuwa ameupa mgongo ufuo, kama anayetazama kitu upande wa pili wa ziwa.

"Bibi, uko salama?" Marlys aliuliza.

Yule mzee hakugeuka. "Mawe yananiumiza miguu, mwanangu," alisema taratibu. "Nibebe."

Marlys alitazama nyuma kwenye maegesho. Gari halikuonekana, miti ilikuwa imelificha. Alifikiri kwenda kumwita Curt. Lakini alikuwa amechoka, na kwenda na kurudi kungemchosha zaidi kuliko kuingia majini mara moja akamaliza. Tena kubeba wazee hakukuwa kugeni kwake; kazini, wauguzi walipozidiwa, alisaidia kuwabeba. Akakunja suruali, akaingia, akainama mbele ya yule mzee.

Mikono ikamzunguka shingoni. Ilikuwa baridi sana.

Mzee hakuwa na uzito wowote. Alikuwa mwepesi kama gunia tupu, na alinuka matope, yale ya chini kabisa ambayo hayajawahi kuona jua. Marlys alitembea naye hatua kwa hatua. Kadiri maji yalivyopungua, ndivyo mgongo ulivyozidi kulemewa. Alipofika mchangani akasimama.

"Haya, Bibi... tumefika. Shuka."

Akapeleka mkono nyuma. Mkono ukagusa blauzi yake mwenyewe, imelowa.

Hapakuwa na mtu.

Aliwasimulia wenzake garini. Curt akacheka, akasema huenda mzee wa watu alishuka akaenda zake bila kuaga. Arlene hakucheka. Aligeukia dirishani.

Tangu siku hiyo Marlys alichoka uchovu asioujua. Aliamka amechoka. Kupanda ngazi za nyumbani kwake ilibidi apumzike katikati. Kazini wenzake walimtania kwamba ameanza kufanana na wazee anaowafulia. Daktari alimpima damu, akamwambia hana ugonjwa, apunguze kazi. Curt alimwambia alale mapema. Lakini kulala ndiko kulikokuwa kugumu, kwa sababu hakuweza tena kulala chali. Kila alipojaribu, alihisi amemlalia mtu.

Harufu ya matope nayo haikumtoka. Alioga, akabadilisha sabuni... ikabaki pale pale, nyuma ya sikio.

Siku ya matufaha ilipofika alitaka kubaki nyumbani. Annika akamwangalia kwa macho ambayo mama hawezi kuyanyima kitu. Akaenda.

Pale shambani watu hupelekwa kwenye miti kwa tela linalovutwa na farasi wawili wakubwa wa kazi. Curt alipanda, akampandisha mama yake na mtoto. Marlys akapanda mwisho, na kikapu mkononi.

Farasi wakakataa kwenda.

Mwenye farasi aliwahimiza kwa upole, kisha kwa ukali. Farasi wakatupa vichwa, wakarudi nyuma, povu likawatoka midomoni. Mmoja alianza kutetemeka mwili mzima. Yule mwanamume akashuka, akawapapasa shingo, akatazama abiria mmoja mmoja. Macho yake yakatulia kwa Marlys. Alimsogelea, akamwomba radhi kwa sauti ya chini, akauliza kama angeweza kutembea kwa miguu.

Marlys akashuka. Farasi wakaondoka mbio, kama waliofunguliwa.

Arlene alimtazama kutoka juu ya tela. Uso wake ulikuwa umepauka.

Jioni hiyo, walipokuwa jikoni wanamenya matufaha, Arlene alifunga mlango.

"Alikuomba nini kule majini?" aliuliza.

"Nimbebe."

Arlene akaweka kisu chini. Alisimulia kwa kunong'ona, akitazama mlango. Mama mkwe wake, yaani bibi yake Curt, alikuwa mwanamke imara, mtu wa kuchinja nguruwe mwenyewe. Mwaka mmoja, mwisho wa msimu wa kuogelea, alimbeba mwanamke mzee ziwani. Hakunyooka tena. Aliishi miaka mingi akiwa ameinama, amekonda, na akifukuza kila aliyetaka kumsaidia. Hakutaka apokewe hata kikapu. Alimwambia Arlene sababu alipokuwa anakaribia kufa: yule hashuki mgongoni mpaka atokee mtu mwingine aombe kubeba. Akiomba, hata kama ameomba kitu kidogo, hata kama hajui anachoomba, basi amepewa.

"Siku ya maziko, wanaume waliobeba jeneza walilalamika lilivyokuwa zito," Arlene alisema. "Na marehemu alikuwa amebaki mifupa mitupu. Mimi nilifikiri tumewazika wote wawili."

Marlys alikuwa anakumbuka miaka yote aliyomwekea kinyongo mama mkwe huyu, ambaye hakuwahi hata siku moja kunyoosha mkono ampokee mfuko.

"Ni nani yule, Mama?"

"Sijui, mwanangu. Bibi hakumjua pia. Alisema tu kwamba hajawahi kumwona uso."

Kuanzia hapo Marlys alibeba kila kitu peke yake. Curt akitaka kumpokea vitu vya sokoni, anamkatiza kabla hajamaliza kusema. Curt akaudhika. Akauliza amekosa nini. Marlys alijua kwamba akimweleza, Curt ataomba kubeba yeye, akaendelea na kazi zake, na nyumba ikajaa ukimya. Usiku alijilaza kifudifudi, akilia bila sauti, kwa kuwa hata kulia kulihitaji nguvu.

Wiki ya maboga ikafika. Baridi ilikuwa imeanza kuingia kwenye vidole. Shamba lilikuwa limetapakaa maboga, mashina yameshakauka, na watoto wa watu wanakimbia huku na kule. Curt na mama yake walitangulia kwenye kibanda cha donati na juisi ya tufaha ya moto. Marlys alibaki nyuma na boga alilochagua Annika. Halikuwa kubwa. Alitembea, akasimama. Akatembea... akasimama.

Katikati ya shamba akapiga magoti kwenye udongo, akalikumbatia lile boga asije akalala kabisa.

Annika akarudi mbio.

"Mama, umechoka? Nipe mimi nikubebee."

Marlys alijua la kusema. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Hapana. Neno moja tu.

Hakulisema.

Ilikuwa kama pumzi mbili hivi. Alikuwa amechoka kupita kiasi, na kitu ndani yake kilinyamaza, kikasubiri kuona itakuwaje.

Mikono ikafunguka shingoni mwake.

Akavuta hewa. Hewa ikaingia mpaka chini ya mapafu. Alisimama, mgongo ukanyooka wenyewe, na upepo wa shamba ukampitia mwilini, nao ulikuwa na harufu ya nyasi kavu na sukari ya donati. Alikuwa mwepesi. Alitaka kucheka.

Kisha akamtazama mtoto.

Annika alikuwa ameinama. Boga lilikuwa bado chini. Hakuwa ameligusa.

"Mama," alisema taratibu, "nani ameniwekea mikono? Ya baridi..."

Marlys alimshika mabega, akampapasa mgongo. Koti dogo lilikuwa limelowa.

"Nipe," alisema. "Nipe nibebe mimi."

Annika, mtoto wa watu, akainama kuliokota boga ampe.

"Siyo hilo, mwanangu. Simama tu. Usiseme kitu."

Akageuka, akampa binti yake mgongo, akainama kama alivyoinama kule majini. Akasubiri. Hakuna kilichosogea. Nyuma yake alimsikia mtoto anahema kwa shida, kama mtu mzima aliyepanda mlima.

"Panda," Marlys alinong'ona. "Nakuomba. Mimi nimeshakuzoea. Nitakubeba vizuri... sitalalamika tena."

Kwa mbali Curt aliwaita kwamba donati zinapoa.

"Huyo bado mdogo. Hatakufikisha mbali. Panda kwangu."

Likapita jambo ambalo Marlys hakuweza kulieleza baadaye hata kwa Arlene. Ilikuwa kama mtu anayepima, anayelinganisha, asiye na haraka. Kisha matope yakanuka. Mikono ikampita shingoni, mmoja, halafu wa pili, ikakaza.

Uzito ukarudi wote. Akaegemea kiganja ardhini asianguke.

Annika alinyooka, akapepesa macho, akalibeba boga lake kifuani bila shida yoyote na kukimbilia kwa baba yake.

Walirudi nyumbani giza likianza kushuka. Mashamba pande zote yalikuwa yameshavunwa. Arlene alikuwa amemwona Marlys anavyotembea, akageukia dirishani. Annika alilamba sukari vidoleni.

"Mama, yule bibi wa mikono ya baridi ameenda?"

"Ameenda."

"Ameenda wapi?"

"Kwao."

Mtoto akaridhika, akaegemeza kichwa dirishani. Marlys alikaa kiti cha mbele, amejisogeza mbele kidogo, kwa kuwa nyuma yake hapakuwa na nafasi. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu ziwani, kitu kikamsogelea sikioni, baridi, na kikasema taratibu kama mtu anayeongea mwenyewe:

"Ana mgongo mzuri, yule mtoto."

Curt alimtupia jicho, akarudisha macho barabarani. Sauti yake ilikuwa laini, kama siku zile za zamani.

"Umechoka, mke wangu?"

Marlys alitazama taa za gari zikilamba barabara. Alijua kwamba akisema ndiyo, kuna mtu ndani ya gari lile atataka kumsaidia.

"Hapana," alisema. "Sijachoka."