Mtaro wa Langoni

Walikutana katika duka la vipuri, siku ambayo watu walikuwa wamejaa mpaka mlangoni, kila mmoja kainua juu kipuri chake kibovu ili muuzaji amwone. Zilikuwa enzi za simu za vitufe, ambapo mtu akikupenda alikubipu. Dada mmoja, mshonaji, mwenye gauni la njano lililombana kiunoni na futikamba ambayo alisahau kuivua shingoni, alimwonyesha muuzaji bushi iliyopasuka, kile kipira cha kwenye miguu ya gari.

"Nataka kama hii hii."

"Hii ya gari gani, dada? La Nuhu?"

Watu wakaangua kicheko. Kijana aliyesimama nyuma yake, vidole vyeusi kwa wino wa kiwanda cha uchapaji, hakucheka.

"Ipo," akasema. "Mwambie atazame rafu ya juu, nyuma ya makopo ya grisi."

Ikapatikana. Dada akageuka kumtazama vizuri.

"Wewe ni fundi?"

"Mimi mchapaji. Magari ni ugonjwa wangu tu."

"Basi usipone."

Tangu hapo kijana akawa Wino na dada akawa Futi, na hakuna aliyewaita vingine. Wakajiwekea lugha yao ya simu, maana salio lilikuwa la shida. Bipu moja: nimefika salama. Mbili: nakuwaza. Tatu: piga wewe, mimi nimefulia. Wino alikuwa bingwa wa bipu tatu.

Gari la ile bushi lilikuwa la marehemu baba yake Futi. Lilikuwa zee, limeinama nyuma, laini kama godoro. Mbele ya lango lao palikuwa na mtaro wa maji ya mvua, na kila jioni mzee alipouvuka, gari lilisema du-duu, likanesa kidogo, likatulia. Mama, huko ndani, alikuwa akiinuka hapo hapo kubandika maji ya chai. Mzee akafariki, Futi akashika usukani, na mama akaendelea kuinuka vile vile. Hawakuwahi kulizungumzia jambo hilo, hata wao kwa wao.

Wino angelijuaje? Yeye aliona gari linaloburuza mkia. Akajibana miezi kadhaa, akanunua koilova mpya, zile shokapu zilizovishwa springi, zenye pete ya kupandisha na kushusha gari na kitufe cha kuzungusha ili liwe gumu au laini. Kuuliza si ujinga, lakini mpenzi anayeandaa zawadi haulizi. Futi aliposafiri kupeleka sare za shule, Wino akaja na jeki, akaling'oa gari miguu yote pale uani. Mama akamletea maji ya kunywa, akimwita mwanangu. Mnunuzi wa vyuma chakavu alipopita, Wino akampa springi za zamani, tena akamsaidia kuzipakia.

Futi aliporudi, akakuta gari limekaa chini, limekazana, linang'aa. Akalizungusha mtaani huku anacheka peke yake. Wakati wa kurudi akauvuka mtaro. Ka!

Ndani, mama hakuinuka.

"Nani huyo?" akauliza mlango ulipofunguliwa.

"Ni mimi, mama."

"Ah. Nilidhani mgeni."

Futi akaingia chumbani, akapiga simu, na safari hii hakubipu.

"Springi za zamani ziko wapi?"

"Za nini tena, mpenzi? Nimempa mtu wa chakavu."

"Wino, umemtoa baba nyumbani kwake."

"Mimi? Futi, nilitaka kukufurahisha!"

"Ungeniuliza."

"Vyenyewe ni vyuma tu!"

Neno likishatoka halirudi. Simu ikakatwa. Wino alibipu mara mbili, kesho yake tena, na wiki nzima. Alikwenda kwa mtu wa chakavu, akaambiwa springi zimekwisha yeyushwa. Mvua zikaja, zikaisha. Kiwandani alikuwa akichapa kadi za harusi za watu wengine, na kila kadi ilimchoma.

Kisha simu ikalia. Alikuwa mama yake Futi.

"Mwanangu, umenisusa?"

"Hapana, mama. Naona aibu."

"Aibu haitengenezi gari. Mwenzio anaumwa mgongo, na mimi sijui tena binti yangu anarudi saa ngapi. Njoo."

Akaenda na jeki yake. Futi alimfungulia lango akiwa na gauni la kijani na pini midomoni. Uso aliukaza.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kusikiliza. Niambie lilikuwa likisemaje."

Akatoa pini mdomoni. "Du-duu. Halafu linanesa."

Wino akaingia chini ya gari. Baada ya muda akasikika akicheka kwa uchungu.

"Kuna nini?"

"Nilikaza nati magurudumu yakining'inia. Bushi zote zimejipinda. Gari linatakiwa libebe uzito wake kwanza, ndipo ukaze. Nilikuwa na haraka ya kusifiwa."

"Fundi wa ugonjwa!" akasema Futi, na kicheko kikamponyoka.

Wino akalegeza nati, akapandisha pete, akalishusha gari magurudumu yakalie mbao nene, kisha akarudi chini.

"Ingia, ukae kwenye usukani. Linataka uzito wa mwenyewe."

Futi akaingia. Spana ikaanza kulia.

"Futi."

"Nini?"

"Usishuke, bado nakaza. Nisamehe. Nilimtupa mzee wako bila kujua."

"Nilijua hukujua. Ndiyo maana niliumia zaidi."

"Nioe, basi. Yaani, nikuoe!"

Futi akaziba mdomo kwa mikono miwili. Akashukuru kwamba mwenzake hamwoni.

"Tuvuke mtaro kwanza," akasema. "Mama akiinuka, nitakujibu."

Mama akaketi kwenye kiti chake, dirisha wazi. Wakauvuka.

"Hapana!" mama akapaza sauti.

Wino akashuka, akazungusha vitufe. Wakarudia.

"Hilo linaruka kama mbuzi!"

Wakarudia tena na tena, mpaka majirani wakatoka kutazama wendawazimu hawa wa mtaro mmoja. Wino alikuwa anatoka jasho. Akalegeza kidogo tu, akapanda garini, akafumba macho.

Du-duu. Likanesa, likatulia.

Wakategea sikio dirishani. Kisha kiti kikaburuzwa, na sufuria ikagongana na bomba la maji.

"Si yeye," mama akasema kutoka jikoni. "Lakini huyu naye ni wa humu ndani. Njooni mnywe chai."

Wino hakuthubutu kugeuka. Simu ikamtetema mfukoni mara moja, ikakatika. Akaitoa. Bipu moja, ile ya kufika salama, kutoka kwa Futi, aliyekuwa ameketi hapo hapo kando yake.