Hatua Katikati ya Nukta

Kiza kilikuwa kinaanza kuingia tulipofika kwenye daraja la kamba za chuma, mimi na mwenzangu Kaka Jui, kuchukua vipimo vya wiki. Kesho yake lilikuwa lifunguliwe kwa watu, na mwenye kutia sahihi ni mimi.

Kipimo cha mtikisiko, kilichofungwa katikati ya daraja, tulikuwa tumekipanga kilale ili betri isiishe. Kinaamka, kinapima, kinalala tena. Kwa hiyo kwenye mchoro tulipata nukta chache tu, zimeachana mbali. Kilichotokea kati ya nukta na nukta hakijulikani. Kompyuta hukisia na kuziunganisha kwa mstari. Ndiyo kazi yangu hiyo, kujaza mapengo.

Nilipojaza, mstari ukapanda, ukashuka. Ukapanda, ukashuka...

Hatua za mtu.

"Kaka Jui, kuna mtu anatembea humu."

"Wewe nawe, Pei! Kompyuta ikikosa la kusema inazua." Akacheka. "Ngoja nikakiweke kipime bila kulala, uone mwenyewe."

"Usiende. Tuje asubuhi."

"Daraja unalisaini wewe, halafu unaliogopa?"

Akapotea kwenye ukungu. Baada ya muda nikasikia sauti yake: "Tayari! Nimesimama hapa hapa!"

Kwenye kompyuta mstari ukaanza kujichora, bila pengo. Hakukuwa tena na cha kukisia. Na Jui alikuwa amesimama.

Lakini hatua zilikuwepo.

Zilitoka ng'ambo, zikimjia. Harufu ya udi ikanijaa puani. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Kuo Jui-hsiang! Rudi!"

Hapo hapo nikaziba mdomo. Ulikuwa mwezi wa saba wa kalenda yetu ya kale, mizimu imefunguliwa milango na kufukiziwa udi, na kwetu hata mtoto anajua kwamba jina kamili la mtu haliitwi gizani. Kinachosikiliza hulichukua.

Mstari ukalala.



Jui akatoka kwenye ukungu, taratibu. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Kisha nikatazama kompyuta. Mstari ulikuwa umelala vilevile. Hakuna aliyetembea kurudi.

"Twende, Pei," akaninong'oneza. Alinuka udi. Funguo za gari alikuwa nazo mkononi.

Mstari ukaruka.

Ukaruka tena, juu kuliko mwanzo. Kule katikati ya daraja, pale Jui aliposimama, mtu alikuwa anapiga miguu kwa nguvu zake zote, kama anayeniita.